Mshonaji na Mvaaji Ndani ya Mtu Mmoja

Fundi anayeshona barazani hawezi kuukagua mwaka wake. Nguo zake zimeondoka na wenyewe. Moja iko Mbagala, nyingine imesafiri hadi Singida kwenye harusi, na habari anazozipata ni za mteja aliyerudi kulalamika kwamba kwapani panabana. Anayejishonea nyumbani yuko katika hali nyingine kabisa. Kazi zake anaishi nazo: anazivaa, anazilalia, anabebea nyanya. Mwaka ukiisha, akitaka kujua ni ipi aliyoipenda kuliko zote, ushahidi wote umo kabatini mwake, na bado hukumu inamshinda.

Kwangu mwaka huu wagombea ni watatu. Wa kwanza ni gauni la kitenge, lenye bitana, marinda kiunoni na zipu ya kujificha. Kitenge hicho kina maua makubwa, na nilitaka ua la mgongoni livuke mshono bila kukatika. Kazi hiyo haikubali haraka. Unakata kipande kimoja, unakilaza juu ya kitambaa kilichobaki mpaka ua lifuate ua, ndipo unakata cha pili. Unapiga bandi kwa mkono, unageuza, unaangalia, unafumua, unapiga tena. Wa pili ni foronya zilizotokana na doti ya kanga iliyochakaa pindo lakini mji wake bado mzima. Wa tatu ni mfuko wa sokoni. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, nyumba nyingi zimejaa ile mifuko mbadala myepesi ambayo ikibeba viazi mara mbili mpini unang'oka. Wangu nimeushona kwa suruali kuukuu ya jinzi, mipini ikashikizwa kwa mshono wa mraba wenye msalaba katikati. Sina la kujivunia pale. Ni kazi ya jioni moja.

Ukiniuliza ipi ni bora, nitasema gauni kabla hujamaliza swali. Ukifuata nyendo zangu mwaka mzima utasema mfuko. Gauni nimelivaa kwa nadra. Mfuko haukai msumarini.

Mwanafalsafa Aristotle aliyaona yote mawili, ila aliyaandika mahali tofauti. Katika kitabu chake cha maadili, Nicomachean Ethics, anasema kila fundi huipenda kazi yake kuliko ambavyo kazi hiyo ingempenda yeye kama ingepata uhai, na washairi ndio waliozidi, wanayapenda mashairi yao kama watoto. Sababu yake ni nzito: kuwapo kwetu ni kutenda, na kazi ya mikono ni ule utendaji wa mtu ukiwa umesimama nje yake, unaonekana. Katika Politics anageukia upande wa pili. Kuna ufundi ambao fundi mwenyewe si mwamuzi wake bora. Nyumba huhukumiwa vizuri zaidi na anayeikaa kuliko aliyeijenga, usukani na nahodha kuliko seremala, karamu na mgeni kuliko mpishi. Kwa hiyo upendo ni wa mtengenezaji, hukumu ni ya mtumiaji. Mgawanyo huo unakwenda vizuri mjini, ambako seremala na nahodha ni watu wawili. Kwa anayejishonea nyumbani, wote wawili wanalala kitanda kimoja, tena juu ya foronya walizoshona wenyewe.

Wachunguzi wa siku hizi wameupa upendo wa mtengenezaji sura isiyopendeza sana. Mwaka 2012 Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely walichapisha utafiti ambao ndani yake watu walikunja vyura na korongo wa karatasi, kisha wakaulizwa wangevilipia kiasi gani. Waliokunja walivithamini vyao karibu sawa na vya mabingwa. Watazamaji waliona karatasi zilizokunjamana. Basi naweza kuambiwa kwamba gauni langu ni chura wa karatasi tu. Sikubali moja kwa moja. Mtazamaji wa nje hakosi kuona mavazi, lakini ndani ya vazi haoni: haoni kwamba bitana imefunika kila ncha ya uzi, wala hajui kuwa ua lile la mgongoni lingeweza kukatika. Kuna ubora ambao aliyeushona tu ndiye mwenye macho ya kuuona. Shida ni kwamba macho hayohayo yanatazama pia jasho lake, na kutenganisha kimoja na kingine ni kazi.

Mtumiaji naye ana la kujibu. Gandhi, aliyekuwa na shaka na mashine, aliiacha cherehani ya Singer nje ya lawama zake. Alisimulia kwamba Singer aliibuni kwa kumhurumia mkewe aliyechoka na sindano. Hadithi tamu, ila Isaac Singer wa kwenye historia, aliyepata hataza yake mwaka 1851, alikuwa mfanyabiashara hodari aliyezaa watoto zaidi ya 20 na wanawake kadhaa, na fedha ilikuwa mbele. Mshono hautofautiani. Uzi wa juu unashikana na wa bobini vilevile, iwe aliyebuni alisukumwa na huruma au na pesa. Hapa mtumiaji ana hoja kubwa: kilichokuwa moyoni mwa mtengenezaji hakimo ndani ya kitu.

Lakini naye mtumiaji ana udhaifu wake, nao ni wa wakati. Nguo ya Desemba bado haijafuliwa hata mara tatu. Hatujui rangi itashuka au la. Na ya Januari iliyopendwa sana, huenda sasa ni tambara la jikoni. Kaptura niliyomshonea mpwa wangu mwezi wa pili aliivaa hadi makalioni pakatoboka, mama yake akaitupa. Haimo kabatini, kwa hiyo haimo kwenye shindano. Ukaguzi wa mwisho wa mwaka unawapendelea waliosalia, na nguo husalia nzuri kwa kutovaliwa. Gauni langu linang'aa kwa sababu hiyohiyo. Kinachopendwa kwa mwili huliwa na mwili, na siku ya kuhesabiwa kinafika kimechujuka, au hakifiki.

Ndiyo maana nimeacha kutazama jinsi vitu vinavyoonekana, nikaanza kutazama vilivyorudi kwenye cherehani. Foronya moja iliachia upande; niliirudisha siku ileile. Mpini wa mfuko ulilegea baada ya kubebeshwa kilo kadhaa za mchele, nao ukarudi, nikauongezea kipande kwa ndani. Kurekebisha ni kazi ambayo hakuna kati ya wale wawili anayeweza kuifanya peke yake. Mtumiaji ndiye anayejua palipochoka na kama panastahili kuhangaikiwa. Mshonaji ndiye anayejua wapi pa kufumua bila kuumiza kitambaa. Kwa fundi wa barazani ujuzi huo hugawanyika kaunta katikati, na mteja mara nyingi huona nafuu kununua kipya. Nyumbani haugawanyiki.

Kwa kipimo hicho mfuko unaongoza, foronya zinafuata, na gauni halijaanza hata kupimwa. Halijadai chochote kutoka kwangu tangu nilipokata uzi wa mwisho. Dada yangu ananiambia ninalihifadhi kama hati ya kiwanja. Kuna harusi mwezi wa pili. Nitalivaa, nitacheza nalo, na marinda yakifumuka tutaonana mezani.