Amana ya Wasiozaliwa

Apitaye Kimamba alfajiri, baina ya mashamba ya mkonge na njia ya reli, hukutana na vijana wasukumao baiskeli zilizoelemewa na magunia ya mkaa. Nami kila niwaonapo hukumbuka kwamba ndani ya gunia lile umo mti uliokua miaka mingi, ukateketezwa ili nyumba moja ipikiwe siku chache tu. Wajukuu wetu hawakuulizwa.

Kwa hiyo siungani na wale ambao, litajwapo neno urani, madini ya nguvu za nyuklia, hutaka shauri lifungwe papo hapo. Kwani kilo moja ya urani, viini vyake vyote vikipasuka, hutoa joto ambalo makaa ya mawe hayalifikii ila kwa tani zaidi ya elfu mbili, na Mola hakuiweka neema hiyo bure chini ya ardhi ya Mto Mkuju, huko Namtumbo, ambako mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia iliridhia mpaka wa Pori la Akiba la Selous usogezwe ili mgodi upate nafasi.

Linalonikosesha raha ni mabaki ya urani hiyo. Jani la mkonge lipitapo katika korona, mashine ya kuchambulia nyuzi, nyuzi zake hazifiki sehemu tano katika mia ya uzito wake, na yaliyosalia hutupwa, yakachacha na kunuka hata pua ikakereka, kisha yakarudi kuwa udongo. Na huko Hale, Tanga, yamepata hata kufanywa gesi ya kuzalishia umeme. Lakini plutoniamu izaliwayo ndani ya kinu cha nyuklia hukaa miaka kama 24,000 kabla ya nusu yake kutoweka, ilhali Msikiti Mkuu wa Kilwa, ambao umri wake ni karibu miaka elfu moja, leo ni magofu yasiyo na mwadhini.

Je, mabaki hayo tuyaite amana kwa wajao? Mafakihi wetu wamefundisha kwamba amana haiwi amana pasipo mwenye kuweka na mwenye kuipokea kwa ridhaa yake. Basi asiyezaliwa amepokea nini? Huyo ametwishwa. Tena naona sisi ndio tuliowekewa, na ardhi hii ndiyo amana yenyewe.

Nilipomweleza haya mzee mmoja wa Kimamba, alinyamaza kitambo, akasema: “Na mlinzi wa shimo yatakamozikwa mabaki hayo akifa, mwanangu?” Nikamjibu kwamba Wafini, huko Onkalo, wamechimba mahandaki ya kuzikia mabaki yao katika mwamba, zaidi ya mita 400 kwenda chini, ili wakishayaziba yasihitaji mlinzi. Akauliza kama mwamba wetu umekwisha kutazamwa.

Hilo ndilo sharti langu: kabla kinu cha kwanza hakijajengewa msingi katika nchi hii, Tume ya Nguvu za Atomiki ituonyeshe mwamba, iutaje kwa jina, na wakaao juu yake waulizwe kwanza.