Shukrani Juu ya Ufa

Hoteli yenyewe ni ndogo: vyumba vichache vilivyozunguka bwawa, na ukuta mrefu wa kukinga upepo. Nje ya ukuta ni jangwa la California, mchanga na vichaka vya miiba, na ng'ambo ya bonde mlima San Jacinto, wenye zaidi ya mita 3,300, una theluji kileleni wakati sisi huku chini tumevaa nguo za kuogelea. Mji unaitwa Desert Hot Springs. Mlangoni pa kila chumba wamebandika kanuni: simu zisilie, watu waongee polepole, watoto hawapokelewi. Maji ya bwawa hayachemshwi na mtu. Yanatoka kisimani yakiwa moto kuliko ngozi inavyoweza kuvumilia, na kazi ya mhudumu ni kuyapooza.

Sikulipia mwenyewe. Kazi yangu kule San Diego ni kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwageuza kitandani, kuwalisha, kukesha nao. Mzee mmoja niliyekuwa naye mpaka mwisho wake alifariki baada ya Krismasi, na watoto wake wakanipa bahasha yenye nafasi ya kulala hapa. Walisema mgongo wangu umembeba baba yao vya kutosha. Niliipokea, maana mgongo ulikuwa unauma kweli.

Usiku wa kwanza nilitoka nje ya geti, nisivunje kanuni, nikampigia mama yangu kule Goma, Kongo, ambako kulikuwa kumeshakucha. Nikamsimulia maji. Akauliza swali ambalo angeuliza mtu yeyote aliyezeeka chini ya volkeno ya Nyiragongo.

"Nani anayachemsha?"

"Ardhi yenyewe, Mama."

Akanyamaza kidogo. "Basi ondoka hapo, mwanangu. Ardhi haichemki bure."

Mama hajasoma jiolojia, lakini hakukosea. Chini ya mji huu unapita ufa unaoitwa Mission Creek, tawi la ule ufa mkubwa wa San Andreas, ambako mabamba mawili ya dunia yanasuguana na kupishana. Msuguano wa zama kwa zama umesaga mwamba ukawa kama udongo wa mfinyanzi, nao umeziba njia ya maji yaliyo chini ya ardhi. Upande mmoja maji yaliyozama kina kirefu na kupata joto hupanda kupitia nyufa. Upande wa pili, mwendo mfupi tu kwa miguu, maji ni baridi ya kunywa. Mtu aliyeufanya mji ujulikane, Cabot Yerxa, alifika mwaka 1913 kujitwalia kipande cha jangwa. Alikuwa akitembea maili kadhaa kufuata maji kwenye kituo cha reli. Akachimba kisima kwa mikono, akakuta maji ya moto. Akachimba kingine si mbali, akakuta baridi. Kilima alichochimba akakiita Kilima cha Muujiza. Mwaka 1941 ikafunguliwa nyumba kubwa ya kuogea, na hoteli ndogondogo kama hii zikafuata. Muda mrefu kabla yao wote, Wacahuilla walikuwa wakioga katika chemchemi za moto za bonde hili, na chemchemi maarufu ya Palm Springs iko mikononi mwa wazao wao hadi leo.

Mwendo huohuo wa mabamba ndio unaotikisa nyumba. Tetemeko la Desemba 4, 1948, limebaki katika vitabu kwa jina la mji huu. Juni 28, 1992, nyufa nyingine za jangwa hilihili, kaskazini ya hapa, zilipasuka kwa nguvu ya 7.3, na mtoto wa miaka mitatu akafa nyumbani alikolala. San Andreas yenyewe, katika bonde hili, haijapasuka kwa tetemeko kubwa kwa karibu miaka 300, na wanaoipima wanasema inazidi kukazika. Mtu anayeoga hapa anaoga juu ya kitu ambacho hakijamaliza kazi yake.

Kwa hiyo swali nililolala nalo halikuwa kama niondoke au nibaki. Nilijiuliza kama naweza kumshukuru Mungu kwa maji haya bila kumshukuru pia kwa tetemeko. Chanzo ni kimoja. Je, mtu ana ruhusa ya kuchagua?

Jibu la kwanza nililijua tangu utotoni. Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka ubavuni na lava ikashuka hadi katikati ya mji. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, mama akiwa na godoro kichwani na mimi nikimshika mdogo wangu mkono. Tuliporudi, kanisa kuu la Wakatoliki lilikuwa limekwisha, ncha ya kaskazini ya uwanja wa ndege imefunikwa, na mtaa wetu ulikuwa mwamba mweusi unaofuka moshi. Watu zaidi ya laki moja hawakuwa na nyumba. Na wiki zile zile mhubiri akasimama na kutueleza kwamba mlima huu ndio unaotulisha: rutuba ya shamba inatoka kwenye majivu yake, na mawe ya kuta zetu ni lava ya zamani. Baba hakupi mkate kwa mkono mmoja tu, akasema. Ukiutaka mlima, uutake wote.

Alichosema kuhusu udongo ni kweli. Maharagwe na viazi ambavyo mama ameuza maisha yake yote vilikua katika udongo huo, na nyumba tuliyojenga upya ilisimama juu ya lava ya 2002, kwa mawe yaliyovunjwa kutoka lava hiyohiyo. Wanafalsafa wana namna yao ya kusema jambo hili: dunia yenye sheria zake haiwezi kutoa mema yake bila madhara yake. Hoja hii siidharau. Ninachokataa ni kazi inayotumwa kufanya, kwa sababu inageuza neema kuwa risiti, kana kwamba kuna bei iliyokwishalipwa na sasa tuko sawa. Aliyelipa ni nani? Yule mtoto wa 1992 hakuwa na deni la maji ya moto. Siku chache baada ya lava kupita Goma, kituo cha mafuta kililipuka na kuua makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta, wengi wao maskini waliotafuta cha kuuza. Ukimwambia mama wa mmoja wao kwamba udongo ni mzuri, umesema kweli, na bado umemtukana.

Jibu la pili ni la hapa hapa bwawani. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa ameegemeza kichwa ukingoni huku amefumba macho, aliniambia kwamba yeye huushukuru ulimwengu kila asubuhi, kwa sababu ulimwengu humtumia anachohitaji. Alikuwa mkarimu, alinipa hata nusu ya chungwa lake. Nikamwuliza kama ulimwengu ndio uliotuma pia tetemeko la 1992. Akafumbua macho, akafikiri, akasema hayo ni mambo mengine. Nilimwelewa. Ulimwengu wake una anwani ya kupelekea shukrani, ila malalamiko hayana pa kwenda.

Jibu la tatu linajaribu kumtoa Mungu kesini kabisa. Novemba 1, 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko liliangusha Lisbon watu wakiwa kanisani. Voltaire akaandika shairi la kuwapinga waliodai kwamba yote ni mema. Mwaka uliofuata Rousseau akamjibu kwa barua: si maumbile yaliyosongamanisha maelfu ya nyumba za ghorofa sita na saba mahali pamoja. Kumbe basi tusimuulize Mungu, tuwaulize wajenzi.

Nampa Rousseau nusu ya haki, na California imeifanyia kazi nusu hiyo. Tetemeko la Long Beach la Machi 1933 liliporomosha majengo ya shule jioni, watoto wakiwa wamekwisha kuondoka. Mwezi mmoja tu baadaye ikapita sheria ya ujenzi wa shule. Baada ya tetemeko la San Fernando la 1971, sheria ya 1972 ikazuia kujenga nyumba za kuishi juu ya mstari wa ufa ulio hai. Ndiyo sababu naweza kulala hapa.

Nusu ya pili ya haki simpi. Goma haikujaa kwa sababu watu walipenda lava. Ilijaa kwa sababu vita viliwatoa Masisi na Rutshuru, wakashukia kwenye mji uliokuwa chini ya volkeno, maana huko ndiko kulikokuwa na soko, maji ya ziwa na jirani wa kukupa pa kulala. Aliyekimbia risasi hakuchagua mlima. Na mlima ulipofunguka tena Mei 22, 2021, usiku, hapakuwa na tahadhari iliyowafikia watu. Fedha za kuufuatilia zilikuwa zimekatika miezi iliyotangulia. Ufa wa California una vipimo kila kona, na moto wa Goma uliachiwa masikio ya wenyeji. Tofauti hiyo haikuwekwa na jiolojia.

Siku ya pili nilimpigia mama tena, nikamweleza haya yote, pengine kwa maneno mengi mno. Mama anapenda sana habari ya Eliya pale pangoni: ulikuja upepo, likaja tetemeko, ukaja moto, na Bwana hakuwamo katika kimoja chochote. Akanikumbusha. Nikambishia: kama hayumo katika tetemeko, Mama, basi kwa kipimo hichohicho hayumo hata katika maji haya, maana ni ardhi moja inayofanya yote mawili.

"Sawa, hayumo," akasema, bila kushtuka hata kidogo. "Mimi sijawahi kuushukuru mlima. Nakula maharagwe, namshukuru Mungu kwamba nimekula. Mambo ya mlima nitamuuliza nikifika."

Nilitaka kucheka, kisha nikaona amefika mahali ambapo mimi nilikuwa nikipazunguka. Tunadhani mwenye kushukuru anatoa maelezo ya chanzo, kwamba anathibitisha kuwa jambo lililompa riziki lilikusudiwa kwa ajili yake. Halafu tunashangaa shukrani hiyo inapoporomoka na nyumba za watu. Lakini mwenye kushukuru anasema jambo moja tu: nimepokea, na sikustahili kuliko aliyekosa. Mengine yote ni nadharia, na nadharia inaweza kungoja.

Nilikuwa na ushahidi wa hili karibu nami muda wote. Niko hapa kwa sababu mzee alikufa. Watoto wake wananijali, nami nawashukuru kwa moyo wote, na hakuna hata mmoja wetu anayewaza kwamba baba yao alikufa ili mimi nioge. Kama mtu angesema hivyo mazishini, angetolewa nje. Pumzi zake za mwisho zilikuwa ngumu, nilikuwepo. Mapumziko yangu hayazifidii. Zawadi na kifo vimefuatana, kimoja kimesababisha kingine, na bado dhamiri inavitenganisha bila taabu. Nikiweza kufanya hivyo kwa mtu mmoja, sioni kwa nini nishindwe mbele ya ardhi nzima.

Kuna la ziada ambalo shukrani ya namna hii inadai. Ukiamini kwamba neema imelipiwa na kilio cha mwingine, kwa mpango usioujua, huna la kufanya ila kuinamisha kichwa. Ukijua kwamba umepokea tu, na kwamba aliyekosa hakukosa kwa hesabu yoyote ya haki, basi kilio chake kinabaki deni lililo wazi, na linaweza kulipwa kwa vitu vinavyoshikika: kipimo cha mtetemo kisichokatiwa fedha, king'ora kinacholia kabla ya lava, barabara ya kukimbilia. Waliotunga zile sheria za California hawakumaliza fumbo la uovu; walikubali tu kwamba halikuwa udhuru.

Kanisani kwetu San Diego, Jumapili, wataniita mbele nitoe ushuhuda, kama ilivyo desturi kwa anayerudi safarini. Nitasema mgongo umepoa na ninamshukuru Mungu. Mtu akiongeza kutoka kwenye benchi kwamba Mungu hufanya kila jambo kwa sababu, sitaitikia amina. Nitaomba tupitishe sadaka ya pili, ya wale walio bado chini ya mlima.