Utabiri Usiotaka Kutimia

Mpiga ramli na mpiga eksirei huulizwa swali moja: nitapona? Mpiga ramli hujibu. Sisi wa chumba cha mionzi tumefunzwa kunyamaza, kwa sababu picha husomwa na daktari na majibu hutolewa wodini. Kazi hii nimeifanya Tabora hadi kustaafu, na miaka ya UVIKO-19 ndiyo iliyonilazimisha kujiuliza kama kweli iko mbali na ramli kama nilivyozoea kudai.

Mpiga ramli simdharau. Babu yangu mzaa mama alikuwa mfumu, mganga wa Kinyamwezi aliyesoma kuku. Mgonjwa alikuja na kuku wake, babu akampasua kuku huyo, akazitanua mbavu kwa vidole gumba viwili, akatazama madoa na mishipa, kisha akanena. Mimi nilikaa pembeni na bakuli la maji. Baba yangu, mtu wa Gongoni na wa msikitini, hakuyapenda hayo. Akanipeleka madrasa, na huko maalimu akatuonya kwamba anayemwendea kahini kumuuliza mambo, sala zake za siku 40 hazikubaliwi. Halafu serikali ikanisomesha kufungua vifua vya watu bila kisu.

Mwisho wa Sura ya Luqman yametajwa mambo ambayo elimu yake iko kwa Mwenyezi Mungu, yakiwemo kushuka kwa mvua, kilichomo matumboni mwa wazazi na ardhi ambayo mtu atafia. Vijana hucheka: mbona ultrasound imeshaingia matumboni, na Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza mvua kabla haijanyesha? Mimi naona mpaka uko wazi. Ukungu uliomo kwenye pafu leo si ghaibu. Ni kitu kilichopo, sema ngozi imekifunika. Ghaibu huanza pale ninapotoka kwenye “pafu hili limeshikwa nusu” na kuingia kwenye “huyu hafiki Ijumaa”.

Hatua hiyo ni ndogo, na mwaka 2020 dunia nzima iliipiga. Kwenye picha za CT-Scan, kirusi cha korona huacha maeneo meupe yaliyofifia ambayo wataalamu huyaita kioo cha ukungu. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Kila sehemu ikapewa alama kuanzia 0 hadi 5 kulingana na kiasi kilichoharibika: isiyo na doa ni 0, iliyoharibika zaidi ya robo tatu ni 5. Ukijumlisha, mgonjwa anapata namba kati ya 0 na 25. Utafiti mmoja wa Italia mwaka huo uliona kwamba waliofikia 18 na kuendelea walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Mji wa Brescia nao ukawa na kipimo chake cha eksirei, kinachoishia 18. Kwa hiyo kifua kikageuzwa namba, na namba ikawa hukumu midomoni mwa watu.

Huku kwetu CT-Scan ilikuwa habari ya hospitali kubwa za mbali. Ndipo mwaka 2021 serikali ikapata mkopo wa IMF, takriban shilingi trilioni 1.3, na sehemu ya fedha hizo ikanunua mashine za CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Kabla ya hapo tulitegemea eksirei. Fomu zililetwa zimeandikwa maneno yaleyale: changamoto ya upumuaji. Namsimamisha mgonjwa, kidevu juu, mabega yasukumwe mbele yaguse ubao, naweka herufi ndogo ya risasi, R, ili daktari ajue upande wa kulia, naingia nyuma ya ukuta, nasema: vuta pumzi, bana, usipumue. Mzima hubana mpaka umkumbushe kupumua. Wale hawakuweza. Pumzi ilikatika kabla sijabonyeza, kifua kikatikisika, na picha ikatoka na ukungu wa mtikisiko juu ya ukungu wa ugonjwa. Mara nyingi pumzi ilikuwa imeshasema kabla ya picha.

Hiyo herufi R ina kisa chake. Wakati ule wataalamu wa kompyuta walitengeneza programu nyingi za akili bandia za kusoma vifua na kutabiri. Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge walizipitia kazi 2,212 za namna hiyo, wakabakiza 62 zilizostahili kuchunguzwa kwa kina, na hawakuona hata moja iliyofaa kutumika kwa wagonjwa. Utafiti mwingine, wa Chuo Kikuu cha Washington, ukaonyesha kwamba programu za eksirei zilikuwa zikitazama hata alama za pembeni, kama hiyo R yangu, kwa kuwa kila hospitali huiweka kwa mtindo wake. Nyingine zilijifunza kutofautisha aliyepigwa picha amelala na aliyesimama, na hilo halihitaji kompyuta: asiyeweza kusimama, hata mfagizi wa wodi anajua kazidiwa. Mashine ilikuwa inapatia bila kuyaona mapafu. Ramli nayo ina sifa hiyo, inaweza kupatia.

Ndiyo maana kupatia peke yake hakunitoshi. Hapa niiseme habari ya njia yetu. Misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, huku kwetu Tabora, na kuendelea hadi Ujiji ilikuwa lazima ikate pori la Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, ambako maji ni ya kutafuta na kusimama ni hatari. Ndui ilitembea na misafara hiyo. Mpagazi aliyeshikwa hakuweza kubeba mzigo wala kuendana na wenzake, na wengi waliachwa kando ya njia. Mkuu wa msafara alimtazama mtu, akasema huyu hafiki. Akaachwa, na kweli hakufika. Ukihesabu, mkuu huyo alipatia karibu kila mara. Nani angempinga? Aliowaacha hawakurudi kutoa ushahidi.

Hospitali yenye mtungi mmoja wa oksijeni na wagonjwa watatu ni Mgunda Mkali. Namba kubwa ikiandikwa kwenye faili, inaweza kusomwa kwa njia mbili. Wa kwanza anasema: huyu amezidiwa, asogezwe karibu na mtungi, apimwe oksijeni kidoleni kila saa, alazwe kifudifudi. Wa pili anasema: huyu amekwisha, mtungi apewe mwenye nafuu. Msomaji wa pili akifuatwa, namba itatimia na itaonekana ya kweli. Wa kwanza akifuatwa, huenda isitimie, na takwimu zitasema kipimo ni kibovu. Kwa hiyo namba inayotabiri kifo haiko nje ya kifo ikikitazama. Imo ndani yake, inasukuma upande mmoja au mwingine. Mtabiri wa mvua akitangaza mvua, mawingu hayamsikii. Wodi inasikia.

Namkumbuka mzee mmoja mstaafu wa reli. Waliingia naye kwenye kiti cha magurudumu, kanzu imeloa jasho.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo mashine yako imeiona siku yangu?”

“Mashine inaona mapafu tu, mzee wangu.”

“Basi niambie mapafu yamesemaje.”

Nikamwambia daktari atamwambia. Mapafu yalikuwa meupe chini pande zote mbili. Daktari wa zamu, binti mdogo, aliitazama picha ile na kabla hajaandika neno akatoka kwenda kubishana na mtu juu ya mtungi. Miezi kadhaa baadaye mzee alinishika mkono mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa, akasema mashine yangu ni ya uongo. Nikamjibu, alhamdulillahi.

Nilimjibu kwa mzaha, lakini mzaha ule umenifundisha kumsoma Nabii Yunus, ambaye Wakristo wenzetu wa Kipalapala wanamwita Yona. Alitumwa kuwaonya watu juu ya adhabu. Watu wakasikia, wakabadilika, adhabu ikaondolewa. Kitabu cha Yona kinasimulia kwamba yeye mwenyewe alichukizwa, maana alichokitangaza hakikutokea. Hapo ndipo ninapoona njia mbili zikiachana. Kahini huaminiwa pale neno lake linapotimia. Mwonyaji hutumwa ili neno lake lisitimie, na likitimia, ujumbe umepotea bure. Mtu anayepima kifua cha mwenzake lazima achague yeye ni yupi kati ya hao wawili, na hakuna mashine itakayomchagulia.

Najua wapo watakaoniambia kwamba siku ya mtu imeshaandikwa, na kuhangaika na mitungi ni kushindana na kadari. Nawarudisha kwa khalifa Sayyidna Umar. Alisafiri kutoka Madina kwenda Sham, akafika Sargh, akaambiwa tauni imeingia mbele. Akageuza msafara. Sahaba mwenzake, Abu Ubayda, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akakubali, ila akaongeza kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akatoa mfano wa mwenye ngamia na bonde la pande mbili, moja lenye malisho na jingine kame: kokote atakakolisha, ni kwa kadari. Sisi wa Tabora ni wajukuu wa misafara, kisa hiki hakihitaji tafsiri. Habari iliyomfikia Umar njiani ilikuwa ni utabiri, na aliuchukua kuwa ni amri ya kutenda.

Sasa mashine zipo, na vijana watakuja na programu mpya zilizo bora kuliko zile za 2020. Nawakaribisha. Sitawauliza kwanza inapatia mara ngapi katika mia. Nitawauliza: namba ikitoka kubwa saa nane za usiku, nani anaamshwa, na akiamka ana nini mkononi? Wakiwa na jibu, waiandike kwa wino mwekundu. Wasipokuwa nalo, wasiiandike kabisa kwenye faili, kwa sababu faili la usiku husomwa na mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka hutafuta ruhusa ya kukipita kitanda.