Je, Mwalimu wa Sanaa Ana Haki ya Kusahihisha Wazo?

Nilizaliwa Muyinga na ninasoma Gitega, na nia yangu ni kuwa mwalimu wa sanaa. Swali la insha hii sikulipata kitabuni. Nililipata darasani, wakati wa mafunzo ya vitendo katika shule moja ya msingi huko kwetu Muyinga.

Siku hiyo niliandika ubaoni: "Chora siku ya furaha." Karatasi zilikuwa chache, kila mtoto akapata nusu. Msichana mmoja wa miaka kama kumi na miwili alichora ngoma tano zimepangwa nusu duara. Katikati, akiwa ameinua miti miwili juu ya kichwa, alisimama mwanamke mwenye kitambaa kichwani. Nilimwambia: "Wanawake hawapigi ngoma. Futa, weka mwanamume." Akafuta. Nikampa alama 5 kwa 10.

Nilikuwa na sababu. Kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma, na pia ni ufalme. Huko Gishora, karibu na Gitega, mahali panapohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo, waliozilinda na kuzipiga ngoma walikuwa wanaume. Ufalme uliondolewa mwaka 1966, lakini ngoma zimebaki. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka 2017 amri ya rais ilisema wazi kwamba kupiga ngoma hiyo ni kazi ya wanaume. Basi nilijiona mlinzi wa urithi na mtii wa sheria.

Wapo watakaosema nilifanya vema. Samaki mkunje angali mbichi, na mtoto asipoambiwa ukweli wa mila zake mapema ataambiwa na nani? Hoja hii ina uzito. Makumbusho ya Taifa ya Gitega yapo tangu 1955 kwa sababu kuna watu walioona kwamba kitu kisipohifadhiwa hupotea. Kama ningemwambia mtoto achore sherehe za enzi ya Mwami, naye akaweka mwanamke penye ngoma, ningepaswa kumwonyesha kosa lake, kwa maana angekuwa anatoa ushahidi usio wa kweli.

Lakini mimi sikuomba ushahidi. Niliomba furaha. Mtoto alijibu swali nililouliza, nami nikamhukumu kwa swali ambalo sikuliuliza. Hapo ndipo ninapoliona kosa langu, nalo ni kosa la haki kabla ya kuwa kosa la sanaa. Tena sheria inazungumzia kupiga ngoma. Haikutaja kalamu ya risasi. Nilimkataza mtoto jambo ambalo hakuna aliyemkataza, kisha nikajiita mtii.

Kwa maoni yangu, kazi ya mtoto ina sehemu mbili, mkono na wazo. Mkono unasahihishwa. Mikono ya yule mwanamke ilikuwa mirefu kuliko miguu, na ngoma za nyuma zilikuwa kubwa kuliko za mbele. Hayo ningeweza kumfundisha, na sikumfundisha hata moja. Wazo nalo kwanza linaulizwa. Ningemuuliza: "Huyu ni nani? Kwa nini yuko hapa?" Baada ya kumsikia ningeweza kumweleza habari za Gishora, naye angejua mila bila kupoteza mchoro wake. Urithi usioweza kuvumilia swali la mtoto hauwezi kulindwa kwa kifutio.

Wiki iliyofuata niliwapa zoezi jingine: "Chora unachotaka." Kwa mfano tu, nilikuwa nimechora nyumba ubaoni. Yule msichana alichora nyumba ile ile, yenye mlango ule ule na madirisha mawili. Ilikuwa safi. Mwalimu mwenyeji aliisifu akasema, "Huyu sasa ameelewa." Mimi nilijua alichokielewa: kwamba mwalimu wa sanaa ana jibu lake kichwani, na kazi ya mwanafunzi ni kulikisia.

Siku ya mwisho nilimwita nikamwambia kwamba nilikosea, na kwamba alama zake ni 8. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na yule mama nimrudishe?" Nikamjibu, "Ukitaka." Akasema karatasi imechakaa, imeshafutwa sana.

Alama niliweza kuzirudisha, mchoro sikuweza. Ndiyo maana nadhani anayetaka kuwa mwalimu wa sanaa anapaswa kuuliza kwanza, na kushika kifutio baadaye, kama kuna haja. Kuhusu yule mama mwenye kitambaa, mpaka leo sijui alikuwa nani. Sikuuliza.