Biashara ya Kumbukumbu za Wanyama: Twauza Nini?

Kijana mmoja wa darsa yetu alitujia baada ya swala ya Isha akiwa na swali. Amesoma ufundi wa kompyuta, kazi hana, na mama yake ndiye amlishaye kwa kuuza mahamri. Sasa amepata shauri la biashara. Mnyama hupigwa picha kwa pande zake zote, kisha kompyuta huziunganisha picha hizo, likatoka umbo ambalo mwenyewe aweza kuligeuzageuza katika simu yake kama kwamba amelishika mkononi. Wateja wake ni wa namna mbili: wasasi wa ng'ambo watakao ukumbusho wa mawindo yao, na watu waliofiwa na paka, mbwa au farasi waliowapenda. Akauliza: "Masheikh, riziki hii ni halali?"

Baadhi yetu walicheka, na baadhi waliharamisha kabla hajamaliza maneno yake. Yote mawili si haki. Kumcheka mtu atafutaye riziki ni utovu wa adabu, na kuharamisha pasi na dalili ni kosa sawa na kuhalalisha pasi na dalili. Basi ndugu Waislamu, na tulipime jambo hili kwa utulivu.

La kwanza ni sura yenyewe. Hadithi zilizowakemea watengenezaji wa masanamu na sura za viumbe zajulikana na kila mwanachuoni. Lakini ilipokuja kamera wanavyuoni walikhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri na akafariki mwaka 1935, aliandika risala ya kuijuzisha picha ya kamera, kwa hoja kwamba mpiga picha haumbi kitu, bali azuia kivuli cha kile alichokiumba Mwenyezi Mungu, mfano wa kioo. Walioikataa rai hiyo nao wana hoja zao, na twawaheshimu. Ama sisi twaona kwamba umbo likaalo katika kioo cha simu liko karibu na picha kuliko sanamu. Lakini likitolewa nje, likafanywa kitu kigumu cha kusimamishwa sebuleni, hapo limeingia katika usanamu, na kijana ajiepushe. Ibn Abbas, kama ilivyopokewa katika Sahihi ya Bukhari, alijiwa na mtu aliyekuwa akiishi kwa kazi ya kutengeneza sura. Alimwonya kwa hadithi, kisha hakumwacha mikono mitupu: alimwelekeza kwenye sura za miti na vitu visivyo na roho. Na hii ndiyo ada njema ya mwenye elimu: afungapo mlango mmoja wa riziki, huonyesha mwingine.

La pili ni wasasi. Uwindaji wa kutafuta chakula ni halali, na Surat al-Maida imetaja hata wanyama waliofunzwa kuwindia. Lakini Mtume (S.A.W.) alikataza kukifanya kiumbe chenye roho shabaha ya kulengea, na imepokewa kwa Annasai kwamba shomoro aliyeuawa kwa upuuzi atamshitaki muuaji wake mbele ya Mwenyezi Mungu. Ikiwa shomoro ana mashitaka, ndovu atasema nini?

Sisi wa pwani twaijua habari hii, kwani ilipita katika bandari yetu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka karibuni katika urais wa Marekani, alishukia Mombasa pamoja na mwanawe, na wao wawili peke yao waliua wanyama zaidi ya 500 katika safari hiyo. Walisema ni kwa ajili ya elimu na jumba la makumbusho, na sehemu ya hayo ni kweli. Lakini wengi waliowafuata hawakuwa na elimu wala njaa. Walitaka pembe ndefu kuliko za mwenzao. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikazuia biashara ya nyara. Katika nchi nyingine, Tanzania ikiwa mojawapo, uwindaji wa watalii ungali waruhusiwa kwa leseni.

Kijana alitujibu: "Mimi siui. Mnyama amekwisha kufa. Nami nauza picha tu." Jawabu hili lataka kuangaliwa. Ukumbusho ni ushahidi. Amuuziaye msasi ukumbusho wa kuua kwa fahari amsaidia kuishuhudia fahari hiyo mbele ya watu, na Mwenyezi Mungu ametukataza kusaidiana katika dhambi. Wala fahari hii si kitu kidogo, bali ndiyo sababu ya risasi. Ondoa mtazamaji, na wengi wao hawatatoka nyumbani. Basi auzaye kumbukumbu ya leo huenda ndiye alipiaye mawindo ya kesho. Lakini ufundi huu huu waweza kutumika kinyume chake. Amfuataye nyati kwa kamera, akarudi na umbo lake, naye nyati akarudi malishoni, huyo ana ukumbusho usio na damu. Huyu na awe ndiye mteja. Yule wa kwanza na arudishwe kwa maneno mazuri.

La tatu ni wenye kufuga. Hapa ndipo kicheko kilipokuwa kikubwa: mtu atamlilia paka? Waliocheka wamemsahau Abu Umayr, mtoto aliyefiwa na kijindege chake. Mtume, pamoja na mizigo yote ya umma, alimwona ana huzuni, akamwuliza habari za ndege wake kwa upole. Hakumcheka. Ama mbwa, hukumu ya unajisi wake katika madhehebu yetu yajulikana, lakini picha yake hainajisi nguo ya mtu.

Hata hivyo huzuni ya mtu si shamba la kuvuna. Twamshurutishia kijana mambo matatu. Asimfanye mnyama aliyekufa alie na kutembea katika simu kama kwamba yu hai, kwani huko ni kumdanganya mwenye msiba, na kwakaribia mno kudai kile ambacho wenye masanamu wataambiwa wakifanye Siku ya Kiyama nao wasiweze: kutia roho. Asiahidi kuitunza sura hiyo "milele", maana hajui kama duka lake litaishi mwaka, na kuuza usichoweza kukikabidhi ni gharari. Bali ampe mnunuzi nakala yake mkononi, iwe mali yake. Wala asitoze ada ya kila mwezi kwa kitisho kwamba asiyelipa atafutiwa kipenzi chake. Huko ni kumfisha mnyama mara ya pili ili kumkamua bwana wake.

Limesalia neno moja, nalo ni letu sote. Twaweza kumwuzia mtu wa Ulaya kumbukumbu ya farasi wake, hali punda wetu wapita mlangoni na vidonda mgongoni, wamebebeshwa mawe na mchanga kupita nguvu zao. Lamu ina kituo cha kuwatibu punda tangu mwaka 1987, na kilianzishwa na wageni. Twawashukuru, lakini kwa nini hatukuanza sisi, tuliosoma habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, na ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu?

Kijana tulimwambia: anza, kwa masharti hayo. Mama yake, alipoelezwa, aliuliza jambo moja tu: "Na huyo mnyama, alipokuwa hai, alishiba?" Twaona swali hilo lilitutangulia sote.