Mume na Mke Wakati wa Kansa ya Titi



Mnafundishwa ya kuwa Ndoa ni Sakramenti, tena ni agano la maisha. Siku ya arusi watu huahidi kwa furaha kupendana hata katika ugonjwa. Lakini neno hilo hupita upesi mdomoni. Leo tulitazame, maana kansa ya titi imeingia hata katika nyumba za Goma na vijiji vyake.

Kwanza, mjue ukweli. Je, kansa ya titi yatoka kwa wachawi? La. Je, ni adhabu ya uzinzi? La. Je, mume huambukizwa akilala na mkewe? Hasha. Ni ugonjwa wa mwili. Hata wanaume wachache huupata. Mara nyingi huanza kama uvimbe mgumu usiouma. Ndiyo sababu wengi huchelewa. Mke akiona uvimbe, ngozi iliyobonyea au damu katika chuchu, asifiche, wala mume asimzuie kwenda hospitali. Huko Butaro, kaskazini ya Rwanda, kuna kituo cha kansa tangu mwaka 2012, nacho kimepokea hata wagonjwa wa nchi jirani. Twajua kwamba safari ni taabu, na vita vilivyofika Goma Januari 2025 viliizidisha.

Pili, mjue majaribu ya nyumbani. Titi limekatwa, nywele zapukutika kwa dawa, nguvu zapungua. Mke aona haya kuvua nguo mbele ya mumewe. Mume anyamaza kwa hofu, naye mke adhani amechukiwa. Kisha jamaa waja na shauri: "Mrudishe kwao, utafute aliye mzima." Hapo ndipo agano linapopimwa. Mume Mkristu na ajibu: "Sikuoa titi, nilimwoa yeye."

Basi, mfanyeje? Semezaneni bila kufichana. Mume ateke maji, apike uji, amsindikize mkewe kwa daktari, wala asigeuze uso mbele ya kovu lake. Wakati wa dawa kali mimba ina hatari, mwulizeni daktari. Mkijizuia, iwe kwa mapatano, kama Mtume Paulo alivyowafundisha Wakorinto. Mke naye asisahau ya kuwa mumewe pia ana machozi.

Mkumbukeni Mtakatifu Agata wa Katania, anayeadhimishwa tarehe 5 Februari. Mapokeo yasema watesi walimkata matiti. Lakini mbele ya Mungu hakupungukiwa na heshima yoyote. Vivyo hivyo mke mgonjwa asipungukiwe na heshima nyumbani mwake.

Azimio: Juma hili nitamtembelea mgonjwa mmoja pamoja na mwenzi wake, nami nitawasaidia kazi moja ya mikono.