Hamu na Huzuni: Majina Tuyatumiayo na Madhara Yake

Tangu Diani hata Msambweni, mtu akimwambia mwenziwe "nina hamu nawe", maana yake ana shauku ya kumwona. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na huko *hamm* ni mashaka yaulemeayo moyo. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na hamu na huzuni. Kijana wetu aisikiapo dua hii huduwaa: je, shauku nayo ni ya kukimbiwa? La. Wanavyuoni wamefafanua kuwa hamu ni mashaka ya jambo lijalo, na huzuni ni majonzi ya lililopita.

Kosa hili la lugha ni jepesi. Liko lingine zito. Mwenzetu akijifungia ndani, chakula hakimpiti, usiku hapati usingizi, baharini haendi wala shambani, sisi humpa moja katika majina mawili. Wako wasemao ana pepo: ngoma ikapigwa, mbuzi akachinjwa, na akiba ya nyumba ikesha. Na wako wasemao imani yake ni dhaifu. Na hawa, tukiri, ndio sisi tunaojiita watu wa elimu. Jina la kwanza lamtia katika ushirikina. La pili lamtia haya, akanyamaza na maradhi yake. Sisi wenyewe tulipata kulitamka hilo la pili mbele ya mtu, na darasani hakurudi tena.

Lau tungalirejea katika Kitabu, tusingalisema vile. Katika Sura Yusuf twasoma kwamba Nabii Yaakub alimhuzunikia mwanawe hata macho yake yakawa meupe, naye akamshitakia Mola wake huzuni yake. Ni nani athubutuye kusema imani ya Yaakub ilikuwa pungufu? Na Mtume wetu alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi, akabainisha kuwa jicho hulia na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi yasiyomridhi Mola. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu na kupasua nguo, chozi halikukatazwa.

Tena wazee wetu katika elimu walikwisha kupambanua. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijria (934), aliandika katika *Masalih al-Abdan wal-Anfus* kwamba iko huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupotelewa na mali, na iko isiyojulikana sababu. Ya kwanza dawa yake ni maneno mema na fikira njema; ya pili chanzo chake aliona kimo mwilini, nayo yataka tiba ya mwili. Matabibu wa leo hutumia neno sonona kwa huzuni iliyogeuka maradhi.

Basi jina ndilo lichaguالo dawa. Mtume ametuamrisha kujitibu. Kumpeleka mgonjwa hospitali ya Msambweni, huku tukimsomea dua, si kumkana Mungu. Na tumwulizapo mwenzetu "U hali gani?", tusitosheke na "njema" ya mdomoni. Tukae naye, tumsikilize kabla ya kumpa jina.

Mwenyezi Mungu atuondolee hamu na huzuni, na atusamehe tuliyoyasema bila ya ilimu. Amin.